Shambani na Sokoni: Kitunguu Kinachoweza Kusubiri

Mbukwenyi wasomaji wangu. Barua za safari hii ni nyingi, na zilizo nyingi zina kilio kimoja: vitunguu vimeng'olewa, bei imelala, na mwenye navyo hana pa kuviweka. Nimelima vitunguu upande wa Mpwapwa miaka 19, kisha nikauza vitunguu na viazi katika soko la Majengo hapa Dodoma miaka 8. Nimekaa upande wa anayepangiwa bei na nimekaa upande wa anayeipanga. Nimechagua barua 6. Ya kwanza nitaijibu kwa kirefu, kwa sababu ndani yake kuna majibu ya nyingine nyingi ambazo nafasi haikutosha.

*

*Shikamoo mama. Nalima ekari moja na nusu huku Chamwino kwa maji ya kisima. Mwezi wa nane nilivuna magunia 62. Wanunuzi walikuja na bei ndogo nikawakatalia. Nikajaza vitunguu kwenye viroba vya salfeti, nikavipanga ndani ya chumba cha sakafu ya saruji na bati juu. Wiki ya tatu harufu ikajaa nyumba nzima. Nimetupa magunia 20, yaliyobaki nimeuza bei ya kutupa. Watu wananiambia Dodoma ni joto, vitunguu havitunziki huku. Ni kweli?* (Mkulima, Chamwino)

Marahaba mwanangu, na pole sana. Harufu hiyo naijua. Mwaka 2009 nilipanga chumba Mpwapwa mjini, nikakijaza vitunguu karibu kufika darini, nikafunga mlango nikijiambia nitaufungua Desemba bei ikipanda. Ukuta wa pili walikuwa wanalala wanangu. Siku ya kumi na tano mkubwa wao akaja kuniambia kuna kitu kimefia ukutani. Nilipofungua, maji yalikuwa yanachuruzika kutoka magunia ya chini. Watoto walihamia kwa bibi yao wiki nzima, mimi nikabaki nachambua gunia kwa gunia huku nalia. Kwa hiyo sikulaumu hata kidogo. Nakupa nilichokipata kwa hasara yangu.

Kwanza hilo la joto. Waliokuambia wamekosea, na kosa hilo linawafanya wakulima wetu wauze shambani kila mwaka. Kitunguu kilichokauka sawasawa hakiogopi joto. Kinachoota upesi ni kile kinachokaa kwenye ubaridi wa katikati, nyuzi 10 mpaka 20. Ukipita nyuzi 25 kinarudi usingizini, hakichipui haraka. Ndiyo maana nchi za joto hutunza vitunguu bila jokofu. Na sisi wa Dodoma tuna kitu ambacho mtu wa pwani hana: kuanzia Juni mpaka Oktoba hewa yetu ni kavu, mvua hakuna, na upepo wa mashariki unavuma kutwa nzima. Ni kikaushio tulichopewa bure. Vitunguu vyako vimeozeshwa na unyevu uliofungiwa. Ulikuwemo kwenye kitunguu chenyewe, ukazuiwa na kiroba, ukaongezewa na saruji, halafu bati likaja kuupika.

Hujaniandikia ulikata maji lini. Nitakisia: ulimwagilia mpaka wiki ya kuvuna. Wengi hufanya hivyo kwa kuwa maji ya mwisho yanaongeza uzito. Kweli yanaongeza. Ukiuza siku hiyohiyo, uzito huo unaondoka na Fuso la mnunuzi. Ukitaka kutunza, maji hayo yanabaki nyumbani kwako. Kata maji wiki 2 kabla ya kung'oa kama udongo wako ni wa kichanga, wiki 3 kama ni udongo mweusi wa mbuga unaoshika maji. Majani ndiyo yatakuambia. Nusu ya jaruba yakishalala yenyewe, maji basi. Yakilala kama robo tatu na kuanza kukauka, ng'oa. Na tafadhali usiwatume vibarua wayakanyage majani ili yalale mapema. Nimeona watu wakivingirisha pipa juu ya majaruba. Jani lililovunjwa likiwa bichi linaacha shingo ina majimaji, na uozo unapita hapohapo.

Kuna jambo la mbolea ambalo nikilisema watu hukunja uso. Mbolea ya kukuzia, iwe Urea au CAN, ukiiweka wakati kitunguu kimeshaanza kujaza tumbo, majani yanapata nguvu mpya, shingo inanenepa, haifungi tena. Kwa macho shamba linapendeza, jirani anasimama kulisifu. Vitunguu hivyo ni vya kuuza wiki hiyohiyo. Mimi nilikuwa namaliza mbolea ya kukuzia wiki ya 6 tangu kuatika, yaani kuhamishia miche shambani, na baada ya hapo sirudi na mfuko shambani hata majani yakinisihi.

Sasa kukausha, ambako ndiko bei yako ilikopotelea. Ukishang'oa, vilaze kwenye jaruba kwa mistari, majani ya mstari huu yafunike vitunguu vya mstari wa nyuma yake. Jua letu la saa saba linaweza kukiunguza kitunguu kilicho uchi kikapata baka jeupe, laini, na baka hilo baadaye ndilo linaloanza kuoza. Viache hapo siku 3 mpaka 5. Kisha vihamishie kivulini penye upepo, chini ya mti uliotandikwa turubai au kwenye kibanda cha nyasi, siku nyingine 10 mpaka 14. Usivirundike. Mkono wako upite kati ya vitunguu bila kuhisi fukuto. Utajua vimeiva kukauka kwa kuishika shingo kwa vidole viwili na kuisugua: ikiteleza ndani kama mrenda, bado, ikikatika kwa sauti kavu kama jani la muhindi, tayari. Maganda ya juu nayo yanalia ukivikoroga. Hapo ndipo unakata majani, ukiacha shingo ya sentimita 2 au 3. Ukikata mpaka kwenye nyama umefungua mlango.

Wakati wa kukata, chambua. Chenye shingo nene, pacha, kilichotoa ua, kilichojeruhiwa na jembe, chenye masizi meusi chini ya ganda, vyote weka pembeni uuze kwanza au ule. Kimoja kibovu katikati ya rundo kinakula vinane vilivyokizunguka. Nilikuwa na mama mmoja kibarua, mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko macho yangu. Kila msimu nilimlipa zaidi ya wenzake kwa kazi hiyo tu, na sijawahi kuijutia hela hiyo.

Chumba cha saruji kiache kilalwe na watu. Jenga kichanja cha fito, sakafu yake iwe nusu mita juu ya ardhi, kuta ziwe za fito au mabanzi yenye nafasi za kupitisha vidole, paa la nyasi lenye upenuo mrefu kwa ajili ya mvua za Desemba. Ubavu mrefu uuelekeze mashariki upepo ulipo. Mwaga vitunguu vikiwa huru, rundo lisizidi kimo cha goti. Kila wiki pita, nusa kwanza kabla ya kuangalia, toa vilivyolainika. Kama lazima uweke kwenye mifuko, tumia ya neti. Salfeti ni ya mahindi.

Hata ukifanya yote haya, uzito utapungua. Kitunguu kinapumua, kinanyauka, vichache vitaoza. Ukiweka magunia 50 na ukapoteza sehemu moja ya tano, umebaki na 40, maana yake bei lazima ipande kwa robo nzima ndipo uwe umerudi pale ulipokuwa siku ya kuvuna, hujahesabu kibarua wa kuchambua. Kwa hiyo sikushauri uweke vyote. Uza kwanza vya kulipa madeni ya mbolea na ada ya shule, labda theluthi moja. Mtu mwenye deni hawezi kutunza. Mdai wake ndiye atakayefungua kichanja. Vinavyobaki ndivyo vitasubiri mvua zianze, barabara za mashambani ziharibike na soko lianze kukauka.

Mwisho kwako: hujataja mbegu. Mang'ola Red, Red Bombay na Red Creole zinavumilia kukaa. Texas Grano ni kitunguu kikubwa kitamu, lakini kina maji mengi, hicho ukivuna tafuta mteja siku hiyo.

*

*Mama, sisi huku Kongwa tunasumbuliwa na lumbesa. Mnunuzi anakuja na magunia yake, anashona kichwa juu mpaka linakuwa kama mtu aliyevaa kofia. Ukikataa anakwenda kwa jirani. Tufanyeje?* (Baba wa watoto wanne, Kongwa)

Baba, hebu tulihesabu gunia hilo kwa shilingi, maana lumbesa inaendelea kwa sababu tunaiangalia kwa macho hatuipimi. Nikiwa Majengo nilikuwa na mzani wa kuning'iniza. Siku moja nilipima gunia la lumbesa lililoshushwa mbele ya kibanda changu, likasoma kilo 130. Tuseme umekubaliana shilingi 80,000 kwa gunia. Kama gunia ni la kilo 100, umeuza kilo kwa shilingi 800. Likiwa la kilo 130, umeuza kilo kwa shilingi 615. Zile kilo 30 za kichwani ni shilingi 24,000 ulizomwachia. Kwa magunia 40 ni shilingi 960,000. Hela hiyo inajenga kichanja nilichomweleza mwenzako wa Chamwino, na chenji inabaki.

Sheria ipo. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na kanuni zake zinakataza kufungasha mazao ya shamba kupita kilo 100, na Wakala wa Vipimo ndio wanaoisimamia. Gari la lumbesa likikamatwa njiani wanapigwa faini. Lakini nakuelewa: afisa wa vipimo haonekani kwenye jaruba lako saa kumi na mbili asubuhi, na jirani yako ana mtoto mgonjwa anahitaji hela leo. Mkulima mmoja hawezi kuizuia lumbesa. Nimeona ikikatika mahali pamoja tu, pale wakulima kumi na wawili wa mfereji mmoja walipochanga wakanunua mzani, wakauweka chini ya mwembe karibu na barabara, wakakubaliana kwamba kwenye mfereji wao kitunguu kinauzwa kwa kilo. Wanunuzi wawili walikasirika wakaondoka. Wa tatu alibaki, kwa sababu Fuso lilikuwa limeshakodiwa kutoka Dar es Salaam na kurudi tupu kungemgharimu zaidi. Hapo ndipo nilipojua mnunuzi naye ana haraka zake.

Ila hata huyo wa tatu angewashinda kama vitunguu vyao vingekuwa vimelowa. Vilikuwa vimekauka. Wangeweza kumwambia nenda, urudi wiki ijayo.

Na usiuze jaruba likiwa bado kijani. Anayekuja kununua vitunguu vilivyo ardhini anajua kukisia kuliko wewe, hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku.

*

*Habari za kazi dada. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina ekari 3 Ihumwa na kisima. Naona Dodoma imejaa watu, kila kona kuna banda la chipsi, na viazi vyote vinatoka mbali. Julai hapa kuna baridi ya kuvaa sweta. Kwa nini nisilime viazi mviringo?* (Mstaafu, Ihumwa)

Shikamoo mwalimu. Macho yako yameona sawa kuhusu soko. Tangu serikali ihamie hapa mabanda ya chipsi yameongezeka mtaa hadi mtaa. Shida iko chini ya udongo.

Kiazi mviringo kinataka usiku wa baridi ndipo kijaze tumbo lake, nyuzi 15 hivi. Usiku ukikaa juu ya 20, majani yanastawi, maua yanatoka, ukichimba unakuta mizizi na vitu vya ukubwa wa karanga. Baridi yako ya Julai ni ya kweli, lakini inakaa Juni, Julai na Agosti, na kiazi kinahitaji siku 90 mpaka 120. Ukichelewa wiki mbili kupanda, joto la Septemba linakikuta kikiwa katikati ya kujaza. Dodoma mjini tuko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Njombe wako karibu 2,000, na mvua yao ni zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka wakati sisi tukipata 570 tunashukuru. Wao wanamwagiliwa na Mungu, wewe utamwagilia kwa luku. Gari la kutoka Njombe au Makete likifika Nzuguni asubuhi, bei yake itakuwa chini ya gharama yako ya umeme tu.

Kama moyo haujatulia, panda matuta mawili mwanzoni mwa Mei, yapime, uamue mwenyewe. Ila usichukue viazi vya sokoni ukavifanya mbegu. Vingi hubeba mnyauko bakteria, ugonjwa unaoingia ardhini ukakaa, na kesho ukipanda nyanya, bilinganya au pilipili hoho hapohapo unazikuta zimelala mchana kweupe huku udongo una maji. Ukiona mmea umenyauka ghafla, kata kipande cha shina, kining'inize kwenye glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye shina, ndio wenyewe. Mbegu safi hutoka kwa wazalishaji waliothibitishwa na TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na huzalishwa zaidi nyanda za juu kusini, ambako kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole wamefanya utafiti wa viazi kwa miaka mingi.

Ushauri wangu, mwalimu: ekari moja weka vitunguu, na mtaji wa viazi upeleke kwenye biashara ya viazi. Nunua Njombe kwa gari la kuchangia na wenzako watatu, uza kwa mabanda ya chipsi kwa mzani. Mstaafu mwenye daftari safi atawashinda wengi. Biashara hii inaliwa na watu wasioandika.

*

*Mama shikamoo, mimi nauza chipsi Makole. Viazi vyangu vinageuka kijani, nikiviweka kwenye friji chipsi zinatoka nyeusi. Nakosea wapi?* (Muuza chipsi)

Marahaba mdogo wangu. Ukijani unatokana na mwanga. Kiazi kikiona mwanga, wa jua au wa taa, kinageuka kijani na pamoja na ukijani huo kinatengeneza sumu inayoleta uchungu, na mafuta ya moto hayaiondoi. Kama ni baka dogo, menya kwa kina litoke lote. Kama kimeenea, tupa, usimpe mteja wala mbuzi. Funika viazi kwa magunia ya katani mazito mahali penye giza na hewa, usitumie nailoni inayopitisha mwanga.

Friji nayo ni adui wa chipsi. Baridi inageuza wanga wa kiazi kuwa sukari, na sukari ndiyo inayoungua kwenye karai kabla ndani hakujaiva. Vitoe nje. Vilivyokwisha kupata baridi viache kivulini wiki moja au mbili, vingi vitarudi.

Ukienda kununua, sugua kiazi kwa kidole gumba. Ganda likichubuka kirahisi, hakijakomaa, kina maji, kitakunywa mafuta yako. Na naomba usiweke viazi na vitunguu kwenye kona moja. Kiazi kinatoa unyevu kikipumua, kitunguu kinaupokea, kinaoza, halafu vyote viwili vinakugharimu.

*

*Nimechimba kisima barabara ya Bahi, maji mengi. Nimeatika vitunguu, ncha za majani zinaungua zote kama zimepitiwa na moto, na juu ya udongo kuna ukoko mweupe. Nimenyunyiza dawa ya ukungu mara tatu. Haisaidii.* (Kijana mkulima, Bahi)

Mwanangu, acha dawa. Huo ukoko mweupe ni chumvi, na maji yako ndiyo yanayoileta. Ukungu hauunguzi ncha za shamba zima kwa usawa. Unaanza na mabaka, mara nyingi ya zambarau katikati, huku na huku. Visima vingi katika ukanda wetu vina chumvi, na kitunguu ni miongoni mwa mazao yasiyoivumilia kabisa. Chukua chupa ya maji na mfuko wa udongo, peleka maabara. Watakupa namba ya chumvi ya udongo kwa desisimensi kwa mita. Kitunguu kinaanza kupunguza mavuno namba ikipita 1.2. Ikifika 4 na kidogo umepoteza karibu nusu. Ulimi hautoshi: maji unayokunywa bila kukunja uso yanaweza kukichoma kitunguu, kwa sababu jua linavuta maji juu na kuacha chumvi, kila siku safu nyingine.

Kama namba iko karibu na mpaka, acha kumwagilia kidogokidogo kila jioni. Hicho ndicho kinachopandisha ukoko. Mwagilia kwa wingi, kwa nafasi, maji yazame na kuishusha chumvi chini ya mizizi, mradi shamba lina pa kutolea maji. Samadi ya mbuzi iwe imeoza kabisa, mbichi nayo ina chumvi. Kama maabara watakuambia ni magadi, ule udongo unaokuwa mgumu kama tofali ukikauka na kuteleza ukilowa, hapo jasi inasaidia, na sisi tuna bahati jasi inachimbwa Itigi, si mbali.

Namba ikiwa kubwa, badilisha zao. Bitiruti inavumilia, alizeti inavumilia, mtama unavumilia zaidi. Najua umeshatumia hela ya kuchimba kisima ukiwa na ndoto ya vitunguu, na inauma. Lakini kila dawa ya ukungu unayoongeza ni hela nyingine inayofuata ya kwanza.

*

*Mama, sokoni wanauza mbegu ya vitunguu kwa kijiko, rahisi mno kuliko ya kopo. Ninunue?* (Msomaji mpya, Kibaigwa)

Karibu, mwanangu. Mbegu ya kitunguu inazeeka haraka kuliko mbegu nyingi unazozijua. Ikikaa kwenye joto mwaka mmoja tu, nyingi zinakuwa zimekufa ingawa kwa macho ni nyeusi na nzuri vilevile. Ya kopo au pakiti ina lebo ya TOSCI na tarehe; isome tarehe kwanza, hata ya dukani inaweza kuwa imekaa rafuni.

Ya kijiko huwezi kujua ilivunwa lini wala ni ya aina gani, na anayekuuzia mara nyingi hajui pia. Kama hela haitoshi kabisa, nunua kijiko kimoja tu kwanza, uijaribu. Hesabu mbegu 100, zipange kwenye kitambaa chenye unyevu, kikunje, kiweke kwenye sahani kivulini, kinyunyizie maji asubuhi na jioni. Siku ya 10 fungua uhesabu zilizoota. Zikifika 70 na kuendelea, rudi ukanunue ya kutosha ekari yako, kilo moja na nusu hivi. Zikiwa kati ya 50 na 70, ongeza mbegu kitaluni na uwe tayari miche kupungua. Chini ya 50 usiipande, na usimpe jirani. Fanya jaribio hilo kabla ya kulima kitalu, kwa sababu siku 10 ukizipoteza kwenye sahani zinauma kidogo, lakini kitalu kisichoota utakijua baada ya wiki tatu, na miche inahitaji wiki 6 mpaka 8 kabla ya kuatikwa. Ukianza upya wakati huo, kuvuna kwako kutaangukia kwenye mvua, na mvua haikaushi shingo.